Chama cha gofu cha Kanda ya Kusini: vyeo vimeshagawanywa, mashimo bado (uzi mrefu)

Kedi Mstaafu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kuna kundi letu la WhatsApp hapa Mtwara, mchanganyiko wa watu wa bandari, watu wa saruji, walimu, na vijana wachache ambao kama mimi waliwahi kubeba mabegi ya gofu Dar kabla ya kurudi nyumbani. Siku hizi mjadala ni mmoja tu: tuanzishe chama cha gofu cha kanda, Lindi na Mtwara kwa pamoja. Mwenyekiti keshapatikana. Katibu keshapatikana. Mlezi anatafutwa, ikibidi awe mheshimiwa. Kuna kijana kachora hadi nembo, bibo la korosho limeegemea fimbo ya gofu, na kusema kweli kachora vizuri. Shimo la kuchezea hatuna hata moja.

Sina nia ya kumvunja mtu moyo, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka jambo hili liwe. Ila nilipoona watu wanaanza kununiana kwa ajili ya umakamu mwenyekiti, nikasema bora nishushe hapa jinsi vyama vya namna hii vilivyoanza huko vilikoanzia. Vina umri wa zaidi ya miaka mia na mambo yake yanajulikana. Nitashusha kwa vipande, maswali ruksa.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Wengi wetu tumelelewa na mpira wa miguu. TFF iko juu, chini yake chama cha mkoa, cha wilaya, halafu klabu. Ukishakuwa mkoa, chama unacho, ligi iwepo isiwepo. Gofu haiendi hivyo. Msingi wake ni klabu yenye uwanja. Hata Chama cha Gofu Tanzania, TGU, kimesimama juu ya vilabu: Gymkhana ya Dar, Lugalo, Arusha, Morogoro, Moshi na wenzao. Chama cha kanda kinazaliwa pale vilabu vya jirani vinapokuwa na jambo ambalo klabu moja haiwezi kulimaliza peke yake, na mara nyingi jambo hilo ni ugomvi.

Nakuja na kipande cha pili.

Siti ya Mbele

Nimekaa. Mwenye karanga apitishe.

Korosho Ghafi

Gofu Mtwara? Tumemaliza shida zote wakuu? Haya endelea.

Kedi Mstaafu

Kipande cha pili: ugomvi.

Chama cha zamani kuliko vyote duniani cha kuunganisha vilabu vya gofu ni cha Ireland, kiliundwa Belfast mwaka 1891. Baadaye kikawa na matawi ya majimbo manne, Ulster, Leinster, Munster na Connacht, kila tawi likiendesha mashindano yake na timu yake ya jimbo. Wanawake wakaunda chao mwaka 1893. Vyama hivyo viwili vimekuja kuwa kimoja mwaka 2021. Hiyo ya wanawake iwekeni akiba, najua kuna mtu atauliza.

Kisa chenyewe hasa kiko Marekani. Kulikuwa na bwana wa Chicago anaitwa Charles Blair Macdonald. Alisoma St Andrews, Scotland, akajifunzia gofu hukohuko, akarudi kwao akiamini hakuna mpigaji kama yeye nchi nzima. Mwaka 1894 klabu ya Newport ikaandaa mashindano ya ridhaa na kusema mshindi ndiye bingwa wa taifa. Macdonald akakosa kwa mkwaju mmoja. Akaja juu. Akasema mpira wake uliangukia kwenye ukuta wa mawe akaadhibiwa mikwaju miwili, na ukuta wa mawe haustahili kuwa kikwazo cha gofu. Isitoshe, akasema, ubingwa wa ridhaa hauamuliwi kwa kujumlisha mikwaju yote. Watu wawili wanakabiliana shimo kwa shimo mpaka mmoja atoke.

Wakamsikia. Mwaka huohuo klabu ya St Andrew's, ya huko New York, ikaandaa mashindano mengine, mara hii shimo kwa shimo kama alivyotaka. Akafika fainali, akafungwa. Safari hii akasema klabu moja haina mamlaka ya kumtangaza bingwa wa nchi nzima.

Watu wa aina hii tunao, na kwenye kundi letu wamo. Lakini hoja yake ya mwisho ilikuwa ya kweli, na wenzake waliliona hilo. Nchi ilikuwa na mabingwa wawili wa taifa kwa mwaka mmoja! Desemba 22, 1894 wawakilishi wa vilabu vitano wakakutana New York kwenye chakula cha jioni wakaunda kile tunachokiita leo USGA, chama cha gofu cha Marekani. Mwaka 1895 yakachezwa mashindano ya kwanza rasmi ya ridhaa. Nani akachukua? Macdonald.

Mnyaa wa Chikongola

😂😂 Huyo Macdonald ni mwenyekiti wetu mtarajiwa kabisa. Akifungwa bao lazima uwanja uwe umeinama.

Kedi Mstaafu

Sijamtaja mtu mimi.

Sasa tuje kwenye kanda yenyewe. Mwaka 1899 vilabu vya Chicago na majirani vikaona mambo yote ya USGA yanaamuliwa pwani ya mashariki na watu wa mashariki. Wakaunda Western Golf Association, chama cha magharibi. Nasisitiza hapa: mwaka uleule walioandikisha chama ndio mwaka walioandaa mashindano, Western Amateur kwa wachezaji wa ridhaa na Western Open iliyo wazi kwa wote, yote kwenye uwanja wa Glen View. Mwaka 1914 wakaongeza ya vijana. Ya ridhaa yanachezwa hadi leo. Western Open imebadilika jina mwaka 2007 ikawa BMW Championship, na nyuma yake bado kuna chama kilekile cha 1899.

Kuna jambo ambalo hata wapenzi wengi wa gofu hawalijui. Olimpiki ya 1904 ilifanyika St. Louis na gofu ilikuwemo. Upande wa timu, dhahabu ilichukuliwa na timu ya Western Golf Association. Fedha ikaenda Trans-Mississippi Golf Association, chama kingine cha kanda. Shaba ndiyo wakaipata USGA. Yaani chama cha taifa kilimaliza nyuma ya vyama viwili vya kanda, kwenye Olimpiki. Baada ya hapo gofu ikatoka Olimpiki, ikarudi Rio 2016.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "tusubiri Dar watuambie", nacheka kidogo.

Korosho Ghafi

Mleta uzi nakuheshimu, unaandika vizuri, lakini haya ya Chicago ya 1904 yananihusu nini mimi wa Tandahimba? Watoto wa shule hapa wanacheza mpira kwenye mchanga wanagawana uwanja na mbuzi. Gofu inakula ardhi na maji. Eneo la mashimo 18 ukilipanda mikorosho unapata tani ngapi? Huu ni mchezo wa wenye nazo, tusidanganyane, na chama kikianzishwa kitakuwa cha kunywea soda na wakubwa.

Siti ya Mbele

Hapo sasa. Karanga zimeanza kunoga.

Kedi Mstaafu

Korosho Ghafi, swali lako ni halali na silikwepi. La ardhi nitalijibu chini. La "mchezo wa wenye nazo" nalijibu sasa hivi, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kwenye gofu mchezaji wa ridhaa ni yule asiyecheza kwa ajili ya fedha. Zamani sheria hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, na iliwaumiza zaidi watoto wa maskini. Tajiri ana mali zake, anacheza bure bila wasiwasi. Mtoto aliyelelewa kwa kubeba mabegi ndiye anayeonekana ana njaa ya fedha.

Francis Ouimet alikuwa kedi, yaani mbeba mabegi ya gofu, na nyumba yao ilitazamana na uwanja wa Brookline. Mwaka 1913, akiwa na miaka 20, alishinda US Open, mashindano ya taifa ya Marekani yaliyo wazi kwa wote, kwenye uwanja huohuo kwa kuwashinda Waingereza wawili waliokuwa wakiogopwa dunia nzima, Harry Vardon na Ted Ray. Begi lake lilibebwa na mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery. Wanaojua uzito wa begi la gofu hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1916 USGA wakamvua hadhi ya ridhaa kwa sababu alikuwa na biashara ya vifaa vya michezo. Western Golf Association wakasema hapana, kwetu wewe ni wa ridhaa, njoo ucheze. Akaenda, mwaka 1917 akachukua Western Amateur. USGA wakamrudishia hadhi yake mwaka 1918.

Wa pili ni Chick Evans. Naye kedi, wa Chicago. Mwaka 1916 alichukua US Open na US Amateur, ile ya ridhaa, mwaka mmoja, na kabla yake hakuna aliyewahi. Alicheza US Open akiwa na fimbo saba tu, wakati sheria ya leo inaruhusu 14, na akamaliza kwa mikwaju 286, rekodi iliyokaa miaka 20. Kampuni zikamfuata. Akarekodi mafunzo ya gofu kwenye santuri, fedha ikapatikana. Tatizo: akiigusa tu, si wa ridhaa tena.

Evans mwenyewe alikuwa ameacha chuo, Northwestern, kwa kukosa ada. Wazo la mama yake ndilo lililotumika: fedha iwekwe kwenye mfuko wa kusomesha makedi. Western Golf Association wakakubali kuusimamia. Mwaka 1930 makedi wawili wa kwanza wakaingia Northwestern kwa mfuko huo. Hadi leo wamesomeshwa maelfu. Masharti yake makuu ni kwamba uwe umebeba mabegi, uwe na alama nzuri shuleni, na nyumbani pawe na uhitaji.

Nilibeba mabegi. Najua asubuhi ya Jumamosi ilivyo, mmejipanga kwenye kivuli mnangoja kuitwa, anaitwa anayejulikana kwanza. Klabu niliyokuwa haikuwa na hata daftari la majina yetu. Ukivunjika mguu leo kesho nafasi yako ina mwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia chama cha gofu ni cha kunywea soda na wakubwa, namwambia inawezekana kabisa, nimeona. Pia inawezekana kikawa kama kile cha Chicago. Inategemea kifungu cha kwanza cha katiba kinaanza na nini.

Mwl. Newala

Bandiko hilo la Evans limenigusa, asante sana. Nina swali na pia nina mchango. Humu watu wanataja handikapu kama vile kila mtu anaijua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nilijifunza nikiwa masomoni Morogoro, niruhusu nieleze kwa wasioijua, maana nadhani ndiyo kazi kubwa ya chama.

Handikapu ni namba inayoonyesha uwezo wako, ili mimi mbovu niweze kushindana na wewe mzuri. Tangu 2020 dunia inatumia mfumo mmoja. Kila uwanja unapimwa na kupewa namba mbili. Ya kwanza ni mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari asiye na handikapu. Ya pili ni kipimo cha jinsi uwanja unavyomtesa mchezaji wa kawaida kuliko yule hodari. Uwanja wa wastani ni 113.

Tuseme uwanja wetu namba ya kwanza ni 68, ya pili ni 113. Nikipiga mikwaju 95, unatoa 68, napata 27. Uwanja ungekuwa mgumu zaidi, hiyo tofauti ingezidishwa kwa 113 na kugawanywa kwa kipimo cha uwanja ule, ndipo aliyecheza pagumu asionewe. Ili upate handikapu ya kwanza unahitaji kadi za matokeo za mashimo 54 tu, yaani raundi tatu za mashimo 18 au sita za mashimo tisa. Kama kadi zangu tatu zimetoa 27, 30 na 25, inachukuliwa iliyo ndogo, 25, inatolewa 2, naanza na 23. Ukifikisha kadi 20, wanachukua nane bora kati ya hizo 20 na kutafuta wastani. Ya juu kabisa ni 54.

Swali langu: bila klabu, nani anaweka sahihi kwenye kadi?

Kedi Mstaafu

Mwalimu umemaliza, nikipata mwanafunzi wako mmoja nampa uhasibu wa chama.

Jibu: kadi inathibitishwa na mtu uliyecheza naye, na handikapu inatunzwa na klabu iliyoidhinishwa na chama cha taifa. Kwa hiyo hata tukiwa na chama cha kanda chenye mhuri wa dhahabu, bila klabu hai hakuna handikapu, na bila handikapu hakuna mashindano ya haki. Chama cha kanda kinachofanya kazi ukikichungulia ndani utakuta kamati ya handikapu, kamati ya mashindano, watu wawili watatu wanaozijua sheria vizuri, na ratiba isiyogonganisha klabu A na klabu B Jumamosi moja. Ndio hao basi. Kwenye klabu mambo ya uwanjani yanaongozwa na kapteni, na kapteni mzuri ana kelele kuliko mwenyekiti.

Kamati ya handikapu ndiyo yenye adui wengi. Kuna mchezo mchafu wa kupeleka kadi mbaya kwa makusudi miezi miwili kabla ya mashindano, handikapu ipande, siku ya zawadi unakuja "kuokota" friji. Kamati kazi yake ni kumjua mtu huyo na kumshusha hata kama ndiye aliyetoa mchango mkubwa wa harambee. Muwaze ni nani kwenye kundi letu ana ubavu huo.

Na tukiwa kwenye zawadi: sheria za ridhaa zililegezwa Januari 2022. Sasa unaruhusiwa kudhaminiwa. Fedha taslimu unaweza kupokea kwenye mashindano yasiyotumia handikapu, isizidi pauni 700 au dola 1,000. Mashindano ya handikapu, fedha taslimu hapana, ila zawadi za vitu ndani ya kiwango hichohicho zinakubalika. Niliona mtu kwenye kundi anatangaza "bingwa wa handikapu milioni tano mkononi". Mkimpa hiyo mmemtoa kwenye ridhaa siku hiyohiyo.

Bint Mikindani

Nilikuwa nangoja hiyo ya wanawake iliyowekwa akiba. Kwenye kundi lenu kuna wanawake wangapi? Maana naona mwenyekiti, katibu, mlezi, wote kanzu.

Kedi Mstaafu

Dada, wawili, na mmoja ndiye mchora nembo. Nimesema "kijana" mkadhani wa kiume.

Historia iko upande wako. Waingereza wanawake waliunda umoja wao mwaka 1893, na katibu wake Issette Pearson ndiye aliyesimamia kuundwa kwa handikapu ya aina moja kwa vilabu vyote. Wanaume wakati huo kila klabu ilikuwa inajipangia, wewe ni 10 hapa, ukienda pale ni 16. Utaratibu huu mnaoufurahia leo wanawake waliuanza. Na hapa kwetu kuna TLGU, chama cha gofu cha wanawake, na mkitaka majina yaliyoiwakilisha nchi nje ya mipaka anzeni na Madina Iddi na Angel Eaton.

Bint Mikindani

Sawa, sasa unanishawishi. Kamati ya handikapu niwekeni mimi. Sina mume kwenye kundi, sina shemeji, sina deni la mtu.

Mnyaa wa Chikongola

Kamati imepata mwenyekiti. Watu wa friji kimbieni.

Mzee wa Mitwero

Wanangu habari zenu. Nasoma tangu mwanzo nikiwa hapa Lindi. Nilifanya kazi kwenye mambo ya michezo serikalini kwa miaka mingi, niongeze mawili.

La kwanza, chama chochote cha michezo kinasajiliwa kwa Msajili chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Mtatakiwa kuwa na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao cha kuanzisha, na mtapita kwa afisa michezo wa kwenu. Sajilini klabu kwanza. Klabu ni jambo la watu wachache wanaofahamiana, inawezekana. Mkikimbilia chama cha kanda bila klabu chini yake, ofisa atawauliza swali alilouliza Mwalimu, na mtakosa jibu.

La pili, Lindi na Mtwara. Nimeona kimya kimya makao makuu yameshaandikwa Mtwara. Kutoka kwenu kuja kwetu ni kilomita mia na kidogo, hatuko mbali, lakini tukianza hivyo hatufiki.

Kedi Mstaafu

Shikamoo mzee. Umesema. Upande wangu naona hivi: klabu moja Mtwara, klabu moja Lindi, kila moja na mashimo yake machache na daftari lake. Mwaka wa kwanza tutembeleane, tucheze kwenu, mje kwetu. Tukigombana kuhusu kikombe kinalala wapi, basi chama kimeshapata sababu ya kuzaliwa.

Korosho Ghafi

Bado sijajibiwa la ardhi na maji.

Kedi Mstaafu

Nakujibu mkuu, nilikuwa nakuandalia.

Mashimo 18 ya kiwango cha wakubwa yanataka hekta nyingi na maji ya kutosha, kwa hapa sikushauri hata kidogo. Lakini hakuna aliyesema lazima. Mwaka 2024 kanuni zililegezwa, uwanja wa mashimo tisa unaweza kupimwa rasmi ukiwa na yadi 750 tu kwa jumla, mita kama 690 hivi kwa mashimo yote tisa. Hiyo ni mizunguko isiyofika miwili ya kukimbilia riadha. Mashimo mafupi ya mita sabini, themanini, unacheza kwa fimbo moja au mbili. Shimo lenyewe ni upana wa milimita 108, unaweza kulitoboa kwa bomba la maji.

Grini, yaani sehemu laini inayozunguka shimo, nazo si lazima ziwe nyasi. Nchi nyingi zenye jua kali, Afrika na Australia, walicheza na wengine bado wanacheza kwenye grini za mchanga, wenyewe huziita brauni. Mchanga laini unasawazishwa, unashindiliwa. Unapofika, mpira ukiwa umetua, unavuta njia moja kutoka mpira hadi shimoni kwa kipande cha ubao au gunia zito, unapiga, ukimaliza unaburuza alama zote kwa mzunguko kuanzia shimoni kwenda nje ili anayekuja akute safi. Kedi anayejua kuburuza brauni anaheshimika, akiacha mfereji mpira wa mtu unafuata mfereji, hapo mtagombana mpaka kwenye maegesho. Na mchanga, mkuu, Mtwara tumejaliwa.

Mtafiti Mchanga

Naishi jirani na Naliendele, kazi yangu ni udongo. Brauni za zamani walichanganya mchanga na oili chafu ili usipeperuke. Tafadhali msilete hiyo. Udongo wetu ni wa kichanga, kitu ukimwaga juu kinashuka chini haraka, na watu wanachimba visima. Mchanga mtupu ukimwagiwa maji kidogo asubuhi unashika kwa muda wa raundi moja.

Pia mtu asije na wazo la kucheza ndani ya mashamba ya mikorosho. Nafasi ya mita 12 kwa 12 inaonekana pana ukiwa umesimama, ukipiga mpira utaelewa. Kuanzia Juni watu wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hamtaki kuwa humo. Ikifika Oktoba korosho zinaanguka, mwenye shamba akikukuta unatafuta mpira chini ya mti wake atajua unatafuta kingine.

Mnyaa wa Chikongola

"Samahani mzee nilikuwa natafuta mpira" huku mfuko umevimba 😂😂 Kesi inaishia kwa mtendaji.

Korosho Ghafi

Yadi 750 na mchanga bila oili, hapo naweza kunyamaza. Sijasema nimekubali, nimesema nanyamaza. Ila kile kifungu cha makedi kiwe cha kwanza kwenye katiba kama ulivyosema. Kikishuka kikawa cha kumi na nane narudi humu.

Kedi Mstaafu

Nimekichukua kama kilivyo. Napendekeza kisomeke hivi: kila kedi anaandikwa kwenye daftari la klabu kwa jina, ujira wake unajulikana na umebandikwa ukutani, zamu inaitwa kwa mpangilio wa daftari, na siku ya Jumatatu uwanja ni wao kucheza bure kwa fimbo za klabu. Mfuko wa ada utakuja tukiwa na cha kuweka. Tusiahidi tusichonacho.

Mwl. Newala

Ongeza kwamba anayesoma habebi begi muda wa masomo. Nimeshaona watoto wanavyopotea msimu wa korosho, sitaki kuongeza msimu wa pili.

Kedi Mstaafu

Imeingia.

Mgeni Ligula

Habari, nimejiunga jukwaani leo kwa ajili ya uzi huu. Nina fimbo tatu nilizoachiwa na bosi wa zamani aliyehama, namba saba mbili na ya kusukumia. Zinafaa au lazima seti nzima?

Kedi Mstaafu

Zinafaa sana mkuu, kwa mashimo tunayoyazungumzia mbili kati ya hizo zinamaliza kila kitu. Usizipake rangi, usizikate. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana kiwanja cha shule, nafasi tumeshaomba kwa mwalimu mkuu, tunapima mashimo matatu ya majaribio kwa futi kamba. Njoo nazo. Anayeweza kuja na reki, ubao wa kuburuzia na ndoo ya maji aandike hapa chini nijue. Bint Mikindani, wewe njoo na daftari.

Bint Mikindani

Ninalo. Kubwa, la mistari, jalada gumu.

Mzee wa Mitwero

Sisi Lindi tunaanza Jumapili. Tutakuwa na mashimo manne.